Kabla ya Kubonyeza Enter: Hotuba kuhusu Kusakinisha Docker kwenye Linux

Walimu wetu, wazazi mliotutembelea, mafundi wenzangu, na nyinyi wanafunzi wa vyuo vya hapa Mombasa mliojaa safu za nyuma, nawasalimu nyote kwa heshima.

Mada niliyopewa ni kusakinisha Docker, programu ya kuendesha makontena, kwenye mfumo wa Linux. Ukiitazama juu juu, ni kazi ya dakika chache: mistari saba au minane ya amri, intaneti isiyokatika njiani, na mambo yamekwisha. Ndiyo maana wengi huifanya kwa kunakili amri kutoka popote walipoziona, kuzibandika kwenye terminali na kubonyeza Enter kabla ya kuzisoma. Mimi naomba leo tuzisome. Anayesakinisha Docker kwenye seva ya shule, ya duka la dawa au ya ofisi ya wakala wa forodha huwa anaamua, ajue asijue, ni nani atakayeruhusiwa kuendesha programu kwenye mashine hiyo kwa mamlaka ya root, yaani yule mtumiaji mkuu ambaye Linux haimkatalii lolote. Uamuzi wa aina hiyo haufai kupita ndani ya mstari ambao hakuna aliyeusoma.

Kwanza tuelewane kontena ni kitu gani, kwa sababu tahadhari zote nitakazozitaja zinatoka hapo. Mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta, huwasha mfumo mzima wenye kerneli yake, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, na ndiyo sababu hula kumbukumbu nyingi na huchukua muda kuamka. Kontena halifanyi hivyo. Kontena ni mchakato wa kawaida wa Linux, sawa na mchakato mwingine wowote unaouona ukiandika ps, amri ya kuorodhesha michakato, isipokuwa kerneli imeuwekea mipaka: unaona faili zake tu, unaona michakato ya upande wake tu, una anwani yake ya mtandao, na unaweza kupangiwa kiasi cha kumbukumbu na cha prosesa ambacho hautakipita.

Mipaka hiyo haikuletwa na Docker. Amri ya chroot, inayoufanya mchakato uione saraka fulani kana kwamba ndiyo mwanzo wa mfumo wote wa faili, ni ya Unix ya mwaka 1979. FreeBSD, mfumo mwingine wa ukoo wa Unix, ilipata namna yake ya kuifungia michakato mwaka 2000. Kwenye Linux, uwezo wa kuupa mchakato mwonekano wake wa mfumo wa faili uliingia mwaka 2002. Cgroups, ambazo hupima na kubana matumizi ya kumbukumbu na prosesa, zilianzishwa na wahandisi wa Google mwaka 2006 na kuingizwa kwenye kerneli 2.6.24 Januari 2008. Na utengano wa watumiaji, ambao nitaurudia baadaye, ulikamilika katika kerneli 3.8 Februari 2013. Mwezi uliofuata Solomon Hykes wa kampuni ya dotCloud alisimama katika PyCon, mkutano wa watumiaji wa lugha ya Python, huko Santa Clara, California, akaionyesha Docker kwa dakika chache. Alichokuja nacho kilikuwa njia nyepesi ya kufunga programu pamoja na maktaba zake zote katika imeji moja, ambayo mtu mwingine ataichukua na kuiendesha kama ilivyo.

Ninayaeleza haya ili tushike jambo moja: makontena yote yaliyo kwenye seva hutumia kerneli moja, ile ya seva yenyewe. Ufa ukitokea kwenye kerneli, au kwenye ile programu ndogo inayoyaanzisha makontena, unaweza kufika hadi kwenye mashine yote. Februari 2019 ilitangazwa kasoro ya runc, ndiyo hiyo programu ndogo, iliyopewa nambari CVE-2019-5736, ambayo kwayo programu chafu iliyokuwa ndani ya kontena ikiendeshwa kama root iliweza kuiandika upya runc ya mashine mwenyeji na hivyo kuitwaa mashine. Marekebisho yalitolewa mara moja. Waliokuwa wamesakinisha Docker kwa njia inayoleta masasisho waliyapata kwa amri moja ya apt, programu ya Ubuntu na Debian ya kusakinisha na kusasisha vifurushi. Waliokuwa wamepakua faili mahali fulani na kuzinakili kwa mkono walibaki na ufa wao hadi walipokumbuka. Kwa hiyo ukichagua njia ya kusakinisha, unachagua pia njia ambayo marekebisho yatakufikia usiku ambao hukuyatarajia.

Lipo jambo lingine ambalo watu wa Mombasa hawahitaji kufundishwa. Kreni ya pale Kilindini haiulizi kama ndani ya kontena mna mchele, mitumba au vipuri vya magari. Inashika pembe nne na kuinua, kwa sababu pembe hizo zimewekewa kipimo kimoja dunia nzima. Kwa miaka miwili ya mwanzo, makontena ya programu hayakuwa na pembe za namna hiyo, kwani umbo la imeji lilikuwa jinsi Docker ilivyotaka. Juni 2015 kampuni kadhaa, Docker ikiwemo, ziliunda Open Container Initiative, na kutoka hapo kukaandikwa viwango vya jinsi imeji inavyofungwa na jinsi kontena linavyoendeshwa. Leo imeji uliyoijenga kwa Docker huendeshwa na Podman, na containerd, na Kubernetes, ambazo ni programu nyingine za kuendesha au kusimamia makontena. Nitazungumzia Docker zaidi kwa sababu ndiyo mnayokutana nayo kazini, lakini hamjafunga naye ndoa.

Sasa tuje kwenye mashine. Kabla ya kusakinisha chochote, andika uname -m. Ukijibiwa x86_64 au aarch64, endelea. Ukijibiwa i686, mfumo ulionao ni wa biti 32 na hazina ya Docker ya Ubuntu, yaani ghala lake la vifurushi mtandaoni, haina kifurushi chake. Nawaomba msiitupe laptopu kwa sababu hiyo. Laptopu nyingi tunazonunua hapa mjini zimekwisha kutumiwa nchi nyingine, na baadhi zimewekewa mfumo wa biti 32 na muuzaji ingawa prosesa yake inaweza zaidi. Andika lscpu, utazame mstari unaotaja hali za utendaji wa prosesa: ukiona biti 32 na 64 zimetajwa pamoja, kasoro ni ya mfumo uliowekwa, na dawa yake ni kuweka Linux ya biti 64. Kisha andika cat /etc/os-release, ujue hasa uko kwenye Ubuntu, Debian, Linux Mint au Kali, na toleo gani. Jibu la amri hii ya pili litaamua mengi, kama nitakavyoonyesha.

Kwenye Ubuntu kuna njia tatu. Ipo docker.io, kifurushi kinachotunzwa na Ubuntu wenyewe. Ipo docker-ce, inayotoka kwenye hazina ya kampuni ya Docker. Na ipo ya snap, namna nyingine ya Ubuntu ya kufunga na kusambaza programu. Maoni yangu ni kwamba seva ya kazi itumie docker-ce, au docker.io kwa anayependa kila kitu kitoke kwa mtunzaji mmoja wa mfumo. Ile ya snap siipendekezi kwa seva, maana snap yenyewe imefungiwa, na faili zilizo nje ya saraka ya nyumbani ya mtumiaji huleta taabu kuzifikia kutoka kwenye kontena. Mtu atashinda akitafuta kosa kwenye amri zake na kosa halipo huko. Lakini lililo baya kuliko kuchagua yoyote kati ya hizo ni kuzichanganya. Ndiyo maana maelekezo ya Docker huanza kwa kuondoa docker.io, docker-compose, podman-docker, containerd na runc iwapo vimo. Kuondoa vifurushi hivyo hakufuti imeji wala data zilizo katika /var/lib/docker, kwa hiyo hakuna sababu ya kuiogopa hatua hii.

Ipo pia njia ya mkato, ile hati ya get.docker.com ambayo hufanya yote kwa mstari mmoja. Wenyewe Docker wameandika kwamba haifai kwa seva za uzalishaji, yaani zile za kazi halisi. Kwenye laptopu ya majaribio sina ugomvi nayo, mradi uipakue kwanza, uifungue, uisome, ndipo uiendeshe. Kinachonitia hofu ni mtindo wa kuichukua kutoka mtandaoni na kuimimina moja kwa moja ndani ya sudo sh, yaani kuiendesha papo hapo kwa mamlaka ya root. Hapo unampa mtu aliye mbali terminali yako yenye mamlaka yote, na hata nakala ya alichokiandika hutabaki nayo.

Njia ninayoisimamia ni ya kuongeza hazina, na kiini chake ni ufunguo. Unatengeneza saraka /etc/apt/keyrings, unapakua ufunguo wa Docker kutoka download.docker.com kwa curl na kuuweka humo kwa jina docker.asc, kisha unaandika faili ndani ya /etc/apt/sources.list.d inayotaja anwani ya hazina pamoja na neno signed-by linaloelekeza kwenye ufunguo huo. Neno hilo dogo lina uzito mkubwa. Maelekezo ya zamani, ambayo bado yanasambazwa, hutumia apt-key add, na amri hiyo huuingiza ufunguo kwenye orodha inayoaminiwa kwa kila hazina ya mashine. Maana yake, mwenye ufunguo wa Docker angeweza kutia sahihi hata kifurushi kinachojidai kuwa cha Ubuntu. Kwa signed-by, ufunguo wa Docker unaaminiwa kwa hazina ya Docker, na hauvuki hapo. Ukiona maelekezo yenye apt-key, jua yamepitwa na wakati, na utafute mengine.

Tukae hapa kidogo, kwa kuwa ndipo watu wanapopita mbio. Kila unapoendesha apt-get update, apt hupakua orodha ya vifurushi na kuikagua sahihi yake kwa ufunguo ulioutaja. Ndani ya orodha hiyo mna alama za hesabu za kila kifurushi, hivyo kifurushi kilichobadilishwa njiani, iwe kwenye mtandao wa mkahawa au kwenye seva ya kati, hakitalingana na alama yake na apt itakikataa. Ulinzi huu ni madhubuti sana, lakini wote umeegemea kwenye ufunguo. Ukiwa umepewa ufunguo wa uongo, apt itakagua kwa bidii ileile na kukubali uongo. Kwa hiyo baada ya kuupakua, andika gpg --show-keys --with-fingerprint /etc/apt/keyrings/docker.asc, na ulinganishe herufi kwa herufi. Alama ya utambulisho ya ufunguo wa Docker kwa Ubuntu na Debian ni 9DC8 5822 9FC7 DD38 854A E2D8 8D81 803C 0EBF CD88. Ni herufi na tarakimu 40 tu. Wala msiichukue kutoka kinywani mwangu peke yake. Tafuteni iliyoandikwa mahali pengine mnapopaamini, mzilinganishe zote tatu.

Kosa linalowakwamisha wanafunzi wengi zaidi huja mara baada ya hapo. Kijana mmoja wa chuo alinionyesha laptopu yake yenye Linux Mint 21.3. Alikuwa amefuata maelekezo ya Ubuntu neno kwa neno, na apt ikamjibu kwamba hazina ya Docker iitwayo virginia haina faili ya Release. Yeye alidhani intaneti ndiyo mbovu, akanunua bando jingine. Kumbe maelekezo yale yaliandika jina la toleo kwa kuiuliza mashine kupitia lsb_release -cs, na mashine ikajibu kwa ukweli kwamba inaitwa virginia, jina la Mint, ambalo Docker hawana hazina yake. Mint hiyo imejengwa juu ya Ubuntu 22.04, ambayo jina lake ni jammy, na jina hilo limo ndani ya /etc/os-release kwenye mstari wa UBUNTU_CODENAME. Tulipolibadilisha neno moja katika docker.list, ile faili inayotaja hazina, na kuendesha apt-get update tena, kazi iliendelea. Hii ndiyo faida ya kusoma ujumbe wa kosa hadi mwisho: neno virginia lilikuwa mbele ya macho yake muda wote. Watumiaji wa Kali watakutana na jambo la jamaa yake, kwa kuwa Kali hutokana na Debian na nayo haina hazina yake kwa Docker; wao nawashauri watumie docker.io iliyo kwenye hazina ya Kali yenyewe.

Hazina ikishakubaliwa, unasakinisha docker-ce, ambayo ndiyo huduma inayokaa nyuma ikisubiri maagizo, docker-ce-cli, ile amri ya docker unayoiandika, containerd.io, inayosimamia maisha ya makontena na kubeba runc; na viongezi viwili, kimoja cha kujenga imeji na kingine cha Compose, zana ya kuendesha makontena kadhaa kwa pamoja. Kwenye Ubuntu na Debian huduma huanza yenyewe na huanza tena kila mashine inapowashwa. Kwenye Fedora na jamaa zake unaiagiza kwa systemctl enable --now docker. Kisha sudo docker run hello-world, na ukiona salamu yake umethibitisha kwamba amri imezungumza na huduma, huduma imefika Docker Hub, ghala la imeji mtandaoni, imeji imeshuka, na kontena limeanzishwa na kumaliza kazi yake.

Sasa nafika kwenye mstari ambao ningependa kila mtu aliye hapa aukumbuke hata akisahau mingine. Ni ule unaosema sudo usermod -aG docker, ukifuatiwa na jina la mtumiaji. Maelekezo mengi huuweka mwishoni, kama hisani ya kukuepusha kuandika sudo kila mara. Unachofanya ni kumpa mtumiaji huyo mamlaka kamili ya root, bila nenosiri. Huduma ya Docker huendeshwa na root, na hutii kila aliye katika kundi la docker. Mwanakundi anaweza kuiagiza ianzishe kontena ambalo ndani yake imewekwa diski yote ya mashine, na akiwa humo akaibadilisha /etc/shadow, faili inayotunza nywila, au akasoma faili za mshahara za ofisi nzima. Hakuna kasoro iliyotumiwa hapo. Docker imefanya kazi yake kama ilivyoandikwa, na nyaraka zake zinaonya waziwazi kuhusu hili. Kwenye laptopu yako mwenyewe, ambako tayari una sudo, jambo hili lina madhara madogo. Kwenye seva inayotumiwa na watu wengi, kama ile ya maabara ya chuo ambako kila mwanafunzi ameingizwa kwenye kundi ili somo liende haraka, maana yake ni kwamba kila mwanafunzi ni root, na anayesimamia mtihani uliohifadhiwa kwenye seva hiyo aelewe hivyo.

Na angalieni herufi a katika -aG. Anayeandika -G peke yake humwondoa mtumiaji kwenye makundi yote mengine ya ziada, likiwemo lile la sudo, na akitoka hapo atajikuta hawezi kusimamia mashine aliyokuwa akiisimamia asubuhi.

Kwa seva ya watu wengi kuna njia bora. Tangu toleo la 20.10 la Desemba 2020, Docker inaweza kuendeshwa bila root kama hali iliyokomaa, si ya majaribio tena. Hapo ndipo ule utengano wa watumiaji wa kerneli 3.8 unapotumika: mtumiaji hupewa fungu la nambari za utambulisho zisizopungua 65,536 katika /etc/subuid na /etc/subgid, na yule anayeonekana kuwa root ndani ya kontena, nje yake ni mtumiaji wa kawaida tu. Inahitaji kifurushi cha uidmap, na poti, yaani milango ya mtandao, zilizo chini ya 1024 hazifunguki bila maandalizi ya ziada. Podman, iliyoanzishwa na Red Hat, nayo huendeshwa bila root, na haina huduma kuu inayokaa nyuma kwa mamlaka ya root. Kwa maabara za vyuo ningeanza na Podman, na ningewaambia wanafunzi ukweli kwamba amri zake karibu zote ni zilezile.

Jambo linalofuata limewaumbua wasimamizi makini kabisa. Unaweza kuwa umeweka ufw, ukuta wa moto wa Ubuntu, umefunga poti zote isipokuwa ya SSH, ile ya kuingilia seva kwa mbali, na ya wavuti, na ukalala kwa amani. Kisha unaanzisha hifadhidata kwa -p 5432:5432, na hifadhidata yako inaonekana na dunia nzima. Docker huandika kanuni zake yenyewe kwenye iptables, orodha ya kanuni za mtandao za Linux, na mawasiliano yanayoelekea kwenye kontena hupita kwenye kanuni hizo kabla ya kufika pale ufw inapokagua. Ukiandika ufw status, hutaiona poti hiyo kwenye orodha ya zilizofunguliwa. Andika badala yake -p 127.0.0.1:5432:5432 kwa kila huduma ambayo haina sababu ya kuonekana nje ya mashine, kisha jaribu kuifikia ukiwa kwenye kompyuta nyingine, usiridhike na jibu la mashine yenyewe. Vilevile msiifungue huduma ya Docker kupitia poti 2375 bila vyeti vya usimbaji. Poti hiyo hutafutwa mtandaoni usiku na mchana na watu wanaotaka mashine za bure za kuchimbia sarafu za kidijitali, na anayeifikia hahitaji nenosiri lolote.

Docker hujipatia pia mtandao wa ndani, kwa kawaida 172.17.0.0/16. Ofisi yenu ikiwa inatumia anwani za fungu hilo, mtashangaa printa au seva ya hesabu haifikiki tangu Docker iwekwe. Mtandao huo hubadilishwa kwenye /etc/docker/daemon.json, faili ya mipangilio ya huduma ya Docker.

Sasa kuhusu intaneti. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika hapa Mombasa mwaka 2009, EASSy ikafuata mwaka 2010, na data za nchi kadhaa jirani hupita katika ufuo wetu. Hata hivyo mwanafunzi wa Likoni au Kisauni bado hununua bando na kulihesabu. Imeji isiyochaguliwa vizuri itamla bando hilo: imeji ya Alpine, Linux ndogo sana, ni megabaiti chache, ilhali imeji iliyojaa zana ambazo hazitatumika hufika gigabaiti nzima. Heri yetu ni kwamba imeji hujengwa kwa tabaka, na tabaka lililokwisha kushuka halishuki tena. Ukijenga programu zako zote juu ya msingi mmoja, unalipia msingi huo mara moja.

Kwa maabara kuna tatizo jingine. Novemba 2020 Docker Hub ilianza kuweka kikomo cha upakuzi, na kwa asiyeingia kwa akaunti hesabu hufanywa kwa anwani ya IP. Darasa zima likiwa nyuma ya anwani moja, kama ilivyo kwenye shule zetu nyingi, wanafunzi wa mstari wa mbele watapakua na wa mstari wa nyuma watakataliwa, na mwalimu ataambiwa kwamba Docker imeharibika. Ponya yake ni kuweka seva moja ya akiba kwa kutumia imeji ya registry, iliyoelekezwa kwenye Docker Hub, kisha kuitaja katika daemon.json ya kila kompyuta chini ya registry-mirrors. Imeji itashuka kutoka ng'ambo mara moja, na wengine wataipata kwa kasi ya waya wa darasani. Pasipo na seva, tumia docker save kuiweka imeji ndani ya faili, ibebe kwa flashi, na docker load upande wa pili. Tunafanya hivyo kwa shule za nje ya mji, na hatuoni aibu yoyote. Ila faili hiyo iambatane na alama yake ya sha256sum, iliyotumwa kwa njia nyingine, ili anayeipokea ajue ni ileile iliyotoka mikononi mwetu.

Maana imeji nayo ni programu ya mtu. Mwaka 2018 Docker Hub iliziondoa imeji 17 za akaunti moja zilizokuwa na programu zilizofichwa za kuchimba sarafu ya Monero; zilikuwa zimepakuliwa zaidi ya mara milioni 5. Majina yake yalikuwa ya kawaida, ya vitu ambavyo mtu hutafuta kila siku. Pendeleeni imeji rasmi, na msitegemee latest, lebo inayotumika usipotaja toleo, kwenye seva ya kazi, kwa sababu latest ya leo si ya mwezi ujao. Tajeni toleo, na panapohitaji uhakika zaidi tajeni alama ya sha256 ya imeji yenyewe.

Yamebaki ya matunzo. Umeme hukatika, kontena lisilowekewa kanuni ya kujianzisha tena, kwa mfano --restart unless-stopped, halitaamka umeme ukirudi, hata kama Docker yenyewe imeamka. Data zisizowekwa kwenye volyumu, yaani hifadhi iliyo nje ya kontena, huondoka kontena linapofutwa. Na kumbukumbu za matukio, kwa mpangilio wa awali, huandikwa bila kikomo hadi diski ijae, jambo ambalo hutokea taratibu na kuonekana ghafla. Wekeni max-size na max-file katika daemon.json siku ileile ya kusakinisha, kwa kuwa mpangilio huo hauyagusi makontena yaliyokwisha kuundwa. Faili hiyo ikikosewa koma moja, Docker haitaanza kabisa, hivyo ikagueni kwanza kwa dockerd --validate --config-file=/etc/docker/daemon.json.

Mchana huu kuna kompyuta katika chumba cha pili zenye Ubuntu 24.04 ambayo haijaguswa, na seva ya akiba iko tayari ili tusiwamalizie wenyeji wetu intaneti. Kaeni wawili wawili. Mmoja aandike, mwingine asome kwa sauti kila amri na aeleze inafanya nini kabla ya Enter kubonyezwa. Na mkifika kwenye ufunguo, msiongeze hazina mpaka herufi na tarakimu zote 40 ziwe zimesomwa. Mtakaotaka kujaribu hali isiyotumia root, njooni meza ya mwisho, uidmap imeshawekwa.